Umetengeneza gemu peke yako? Tuonyeshe ukurasa wa majina

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua niseme jambo ambalo limenikaa rohoni muda mrefu, na naona nisipolisema sasa hivi wakati gemu za vijana wetu ndo kwanza zinaanza kuandikwa magazetini basi tutakuja kulizoea mpaka lionekane ndo utaratibu. Ni hii habari ya "nimetengeneza gemu peke yangu". Karibu kila habari ya gemu ya kibongo ninayoisoma ina hiyo kauli, kijana kapigwa picha kashika simu, anacheka, na maelezo kwamba gemu nzima kaifanya mwenyewe chumbani kwake na laptopu ya kuazima. Nampongeza, kwa kweli nampongeza, kutengeneza gemu mpaka ikaisha ni kazi ngumu na wengi wanaishia njiani. Lakini nikiifungua ile gemu, ule mti naujua, ile nyumba naijua, mlio wa kuokota sarafu naujua, na muziki wa kwenye menyu ndo kabisa nshausikia kwenye video kibao. Alafu natafuta sehemu ya majina ya walioitengeneza, haipo. Kuna kitufe cha kucheza, kitufe cha sauti, kitufe cha kutoka, basi.

Niseme mapema nisije nikaeleweka vibaya, sina ugomvi na mtu kutumia vitu vya wengine, hata kidogo. Gemu ndogo tu inataka michoro, sauti za hatua, milango, upepo, muziki, fonti, injini ya kuiendesha, na mtu mmoja mwenye kazi yake ya mchana hawezi kuvifanya vyote vizuri. Ndo maana watu wakaweka vitu vyao mtandaoni tuvichukue. Tovuti ya OpenGameArt ipo tangu 2009, imejaa michoro na miziki ya kila aina. Freesound, tovuti ya sauti, ilianzishwa 2005 pale Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra, Barcelona, na wanaoijaza ni watu wa kawaida tu wenye vinasa sauti vyao, mmoja kamrekodi jogoo, mwingine kakaa anafungua na kufunga kabati la jikoni mpaka akapata mlio anaoutaka. Kuna Mholanzi anaitwa Kenney, huyo kaweka maelfu ya michoro bure kabisa, magari, majumba, sayari, vitufe vya menyu, kila kitu. Bila hawa gemu zetu nyingi zisingekuwepo, na mimi nafurahi kwamba zipo. Ninachosema ni kwamba watu hawa wana majina, na majina yao yanatakiwa yaonekane.

Sasa wengi wanajichanganya hapa, wanaona kitu kimewekwa mtandaoni, hamna sehemu ya kulipia, wanahesabu kimetupwa. Hakijatupwa. Vingi vina leseni za Creative Commons, yani ruhusa ambayo mwenye kazi anaitoa kwa masharti, hizi zilianza kutoka mwishoni mwa 2002, na kila moja ina masharti yake. Ipo CC0, ya tangu 2009, ambayo mwenyewe anasema chukua fanya unavyotaka hata usinitaje, vitu vya Kenney viko hivo. Ipo CC BY, ambayo inakupa karibu kila kitu, kata, badilisha, tia kwenye gemu, uza gemu, pata hela, hamdaiani, sharti lake ni utaje aliyetengeneza, uweke kiungo cha ulikoitoa na cha leseni yenyewe, na useme kama umebadilisha kitu. Hiyo ndo bei yake. Usipomtaja, ruhusa inakufa hapo hapo, unakuwa unatumia mali ya mtu bila idhini yake, ni hivo tu kisheria. Toleo la 4.0 la leseni hizi lililotoka 2013 lina huruma kidogo, linasema ukirekebisha ndani ya siku 30 tangu ulipogundua kosa basi ruhusa inarudi yenyewe. Siku 30 za kuandika mstari mmoja! Zipo pia zenye NC, yani zisizoruhusu biashara, hizo ukizitia kwenye gemu yenye matangazo ya kukuingizia hela umejitafutia kesi, na zenye SA, ambazo ukiuchora upya mchoro wa mtu basi na huo wako mpya unatakiwa uutoe kwa leseni ileile. Haya mambo yameandikwa kwenye ukurasa uleule unaobofya kudaunlodi, juu au pembeni ya kitufe, hayajafichwa.

Kuna mwanamuziki wa Marekani anaitwa Kevin MacLeod, hata kama humjui jina muziki wake nakuhakikishia umeshausikia, uko kwenye video na gemu zisizohesabika, hata ile Kerbal Space Program ya Wamexico ya kurusha roketi ilitumia muziki wake. Anauweka kwa CC BY. Lakini huyu bwana ana utaratibu mmoja naupenda sana, kama hutaki kuandika jina lake anakuuzia leseni nyingine ya kulipia. Jina hutaki, toa hela. Hapo mtu anaona kabisa kumbe jina lenyewe ndo lilikuwa malipo, na sisi tunaolifuta ni kama tumekula mgahawani tukatokea mlango wa nyuma.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu na mimi narekodi sauti. Narekodi vitu vya huku kwetu maana kwenye hizo maktaba za sauti unakuta treni za London na kengele za makanisa ya Ulaya lakini ukitafuta konda anaita abiria hupati, ukitafuta honi ya pantoni ya Kigamboni hupati, ukitafuta mvua inapiga bati hivi tunavyoisikia sisi unapata mvua ya kwenye vigae, haifanani kabisa. Basi nikaweka za kwangu, kwa CC BY. Mvua ya bati niliirekodi alfajiri nimesimama barazani, maiki nimeivalisha soksi isichukue upepo, na ilibidi nisubiri jenereta ya jirani izimwe kwanza. Kwenye ile rekodi ukiisikiliza vizuri kuna mbwa anabweka mara mbili kwa mbali, alafu kimya, alafu mvua inazidi. Siku moja nacheza gemu ya kijana mmoja hivi, imesifiwa sana, nafika kwenye sehemu ya nyumba ya bibi, mvua inaanza, na mbwa wangu akabweka mara mbili. Nilifurahi kwanza, kusema kweli, nikasema kumbe kazi imefika mbali. Nikaenda kwenye majina, maana yeye angalau alikuwa na ukurasa wa majina, nikakuta imeandikwa mchoraji yeye, mwandishi yeye, programu yeye, sauti zote yeye. Nikamwandikia ujumbe kwa heshima zote, sikuomba hela, niliomba mstari mmoja, akanijibu si uliweka bure bro.

Sasa huyu bwana hakusahau. Kusahau ningemwelewa, mtu ana mafaili mia nne, moja linaponyoka. Yeye aliandika jina lake juu ya kazi ya mtu mwingine, na hilo ni kosa kubwa kuliko kutoandika kitu kabisa. Ukiacha wazi mchezaji hajui ni nani, anaweza akauliza. Ukiandika "sauti zote mimi" umemwambia jambo ambalo si kweli, na anayetafuta mtu wa kumpa kazi ya sauti atakupigia wewe.

Wapo watakaosema hizo leseni ni mambo ya Wazungu sisi huku tuna shida zingine. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, Kenya wana ya kwao ya 2001, na zote zinatambua haki ya mtunzi kutajwa kwenye kazi yake, na haki hiyo ni tofauti na ile ya kupata hela. Na hata tuweke sheria pembeni, ni lini sisi tumeacha kumtaja fundi? Bongo Flava imekua watu wakimtaja prodyuza ndani ya wimbo wenyewe, kabla msanii hajaanza mstari wa kwanza ushajua biti ni ya nani, P-Funk wa Bongo Records na Master Jay wa MJ Records majina yao tumeyajua hivo, hamna aliyekuwa anasoma karatasi ya kava la kaseti. Chukua kanga ya Mombasa, angalia pembeni kwenye ukingo, kuna maandishi madogo K.H.E. Mali ya Abdulla, mwenye kanga kajiandika kwenye kitambaa ambacho kitavaliwa, kitafuliwa, kitabebea mtoto, na jina liko palepale. Sasa sisi ndo tuje tushindwe kuandika jina kwenye skrini ambayo haigharimu hata uzi?

Na hii ya kufuta majina kwenye gemu imeshasumbua wenzetu miaka mingi tu, tunaweza kujifunza kwao bila kupitia shida ileile. Kule Marekani, Atari ilipokuwa ndo kampuni kubwa ya gemu, watengenezaji hawakuruhusiwa kuandika majina yao popote, si kwenye boksi wala ndani ya gemu, gemu ni ya Atari imeisha. Mmoja wao anaitwa Warren Robinett, aliyetengeneza gemu ya Adventure iliyotoka 1980, akaifanya karibu yote yeye mwenyewe, na amesimulia kwamba mshahara ulikuwa kama dola 22,000 kwa mwaka wakati gemu ikiuzwa nakala milioni moja. Akafanya nini, akaficha chumba ndani ya gemu. Kuna kitone kidogo sana cha rangi ileile ya sakafu, hukioni, ukikibahatisha ukakibeba mpaka sehemu fulani unapita ukutani unaingia chumba ambacho hakipo kwenye ramani, na katikati yake maandishi yanamemeta rangi kwamba imetengenezwa na Warren Robinett. Hakumwambia mtu. Aliondoka kazini, gemu ikaendelea kuuzwa, mpaka kijana mmoja wa miaka 15 kutoka Salt Lake City akakigundua akaiandikia Atari barua. Yani mtu mzima, mtaalamu, ilibidi afiche jina lake mwenyewe kwenye kazi yake mwenyewe kama anaficha bangi.

Wenzake wanne waliamua vingine, David Crane, Larry Kaplan, Alan Miller na Bob Whitehead, waliomba watambuliwe na walipwe kulingana na mauzo, na wamesimulia walivyoambiwa na bosi kwamba umuhimu wao hauzidi wa yule anayeunganisha kaseti za gemu kiwandani. Wakaondoka, na 1979 wakaanzisha Activision, na gemu za mwanzo za Activision zilikuwa na jina la mtengenezaji kwenye boksi. Mtu dukani akaanza kuuliza gemu mpya ya Crane imetoka lini. Jina likawa linauza.

Ungedhani baada ya hapo yameisha. Gemu ya L.A. Noire ilipotoka 2011 zaidi ya watu 100 waliofanya kazi kwenye studio iliyoitengeneza, Team Bondi kule Australia, hawakuwemo kwenye majina ama waliandikwa vibaya, wengi waliondoka kabla gemu haijakamilika, mpaka wakatengeneza tovuti yao kuorodhesha majina wenyewe. Na 2021 kwenye gemu ya Metroid Dread, baadhi ya wafanyakazi wa MercurySteam ya Hispania waliachwa kwa sababu kampuni ilikuwa na sharti kwamba mtu awe amefanya kazi angalau robo ya muda wote wa mradi. Mtu kafanya kazi miezi minane, kaumia nayo, alafu anaambiwa muda wako hautoshi.

Hii ya mwisho inatuhusu sana maana huku kwetu gemu nyingi zinaanza na washkaji watatu wanne kwenye kundi la WhatsApp. Mmoja anachora, mmoja anaandika kodi ya programu, mmoja anaandika maneno. Baada ya muda mchoraji kapata ajira Dodoma, kaacha, au wamegombana hela ya bando, na siku gemu inatoka jina lake halipo ingawa mhusika mkuu kachorwa na mkono wake. Hapana jamani. Kugombana ni kugombana na kazi ni kazi. Aliyechora kachora. Mwandike, na uandike alichofanya, "mchoro wa kwanza wa mhusika mkuu" kwa mfano, hata kama wewe uliuboresha baadaye, alafu na wewe jiandike uliuboresha.

Sasa nije kwenye kujiandika mwenyewe, maana nalo lina pande mbili na naona vijana wanakosea kotekote. Kuna wanaojificha. Gemu kaifanya mtu mmoja, anaitoa kwa jina la studio, Sijui Nani Studios, kila mahali anasema "sisi", "timu yetu", na jina lake halisi hulipati popote, anaona akijulikana yuko peke yake hatachukuliwa siriasi. Kaka, dada, andika jina lako. Jina la studio weka juu, sawa, lakini chini yake andika mtu. Studio ikifa kesho, apu ikitolewa dukani, jina lako kwenye video za watu walioicheza linabaki, na ndo CV yako hiyo.

Na kuna wa upande wa pili, wanaojiandika kila mstari. Mimi naona ukweli hapa ni rahisi, andika ulichofanya kwa mkono wako. Umebuni gemu, umeandika kodi, umepanga leveli, umeandika maneno ya mazungumzo, hivyo ni vitu vikubwa, hivyo ndo gemu yenyewe, viandike mara moja kwa kujiamini, juu kabisa, jina lako kamili. Ukichagua miti ya Kenney ukaipanga vizuri ukatia mwanga wa jioni, andika "mpangilio wa mandhari", hiyo ni kazi na ni yako. "Mchoraji" ni Kenney. Hata kwenye CC0 ambako hakuna anayekulazimisha, ndani ya pakiti zake kuna faili la leseni linasema kumtaja si lazima ila kunasaidia. Mtu kakupa jiji zima bure, mtaje.

Watu wakitaka kujua "peke yangu" ya kweli ikoje waangalie Stardew Valley, ilitoka 2016, Eric Barone aliifanya zaidi ya miaka minne, programu yake, michoro yake, muziki wake, maneno yake. Hiyo kauli kaibeba kwa haki. Undertale ya 2015 watu wengi wanasema ni ya Toby Fox peke yake, kodi na muziki ni vyake kweli, lakini yeye mwenyewe kamtaja Temmie Chang kwenye michoro na wengine waliomsaidia, na kutaja kwake hakukumpunguzia chochote, dunia nzima bado inajua ni gemu ya Toby Fox. Naomba vijana wetu waione hiyo. Wanaogopa wakiandika majina mengi wataonekana hawajafanya kitu. Mimi nikiona ukurasa wa majina uliojaa, kila sauti na mwenyewe, kila fonti na mwenyewe, nasema huyu ni mtu wa kazi, huyu hata nikimpa mradi wa hela hatanitia matatizoni.

Kuhusu namna ya kufanya, sio ngumu ila ina nidhamu, na inaanza siku ya kwanza. Ukisubiri gemu iishe ndo utafute majina, umekwisha, folda ina "sauti_mpya_2_mwisho" na "mti3_sasa_kweli" na hakuna mwanadamu anayejua vimetoka wapi. Fungua faili moja la maandishi ndani ya folda ya mradi, liite majina, na kila unapodaunlodi kitu, kabla hata hujakijaribu, andika mstari. Ukitoa Freesound una bahati, faili likishuka linakuja na namba ya sauti mwanzoni, alafu jina la aliyeirekodi, alafu jina la sauti, vyote kwenye jina la faili lenyewe, kwa hiyo nakala moja usiibadilishe jina, iweke kwenye folda ya asili na utumie nakala nyingine. Mstari wenyewe uwe hivi:

Mvua kwenye bati, imerekodiwa na fulani (jina alilojiita pale), kutoka Freesound, leseni CC BY 4.0, imefupishwa na kupunguzwa besi.

Na kiungo. Ona ulivyo mfupi, na umebeba kila kitu, kitu ni nini, cha nani, kimetoka wapi, kwa ruhusa gani, na wewe umekifanyaje. Hiyo ya mwisho wengi wanairuka na naomba wasiiruke, maana mimi nikirekodi sauti safi wewe ukaikandamiza mpaka inakwaruza, sitaki watu wadhani ndo nilivyoirekodi.

Kuna aina moja ya michoro inataka umakini zaidi, zile spraiti, yani vipicha vya wahusika, zilizotokana na shindano la Liberated Pixel Cup la 2012, madevelopa wengi wa huku wanazitumia maana unamvalisha mhusika nguo, nywele, kofia, unamaliza kwa dakika chache. Yule mhusika mmoja unayemwona kachorwa na watu wengi, mwili wa huyu, suruali ya yule, nywele za mwingine, na leseni zake nyingi ni za kutaja. Ile programu ya kuunganisha inakupa na orodha ya majina tayari kwa ulichochagua, ni kubofya tu, na bado watu wanaichukua picha orodha wanaiacha. Fonti nazo zina leseni, soma. Injini pia, mfano Godot, ambayo Waargentina wawili Juan Linietsky na Ariel Manzur waliifungua kwa wote 2014, leseni yake ya MIT haikudai senti ila inataka maandishi ya hakimiliki na leseni yaende pamoja na gemu, na injini yenyewe ina amri ya kuyatoa hayo maandishi uyaweke kwenye skrini, yani wamekurahisishia mpaka hapo.

Ukurasa uweke ndani ya gemu, kitufe kwenye menyu kuu, usiishie kuweka kiungo cha kwenda tovuti. Mchezaji wetu anacheza kwenye daladala bila bando, kiungo hakimsaidii, na tovuti yako usipoilipia mwakani inazimika na majina ya watu yanazimika nayo. Skrini ya simu ni ndogo, sawa, maandishi yapande taratibu kama mwisho wa sinema, hamna tatizo.

Jambo lingine ambalo naliona linakuja kwa kasi ni hizi sauti na picha za akili bandia. Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, tangu Januari 2024 wanamtaka mtengenezaji aseme kama katumia. Na sisi tuseme, picha ya kompyuta iandikwe ni ya kompyuta, sio uandike jina lako kama mchoraji, wakati kuna dada hapo mtaani anachora kwa penseli usiku kucha na mnagombania nafasi ileile.

Na naomba tusiwasahau ambao hawana akaunti mtandaoni. Nimeona gemu zinaweka ngoma na nyimbo za vijijini, nazipenda sana, ndo ninachotaka kusikia kwenye gemu zetu. Ila kwenye majina unakuta "muziki wa asili". Umeenda kijijini ukamrekodi bibi anaimba wimbo wa kutwanga, wimbo ni wa jadi, sawa, umetungwa na wahenga, lakini ile sauti kwenye simu yako imetoka kwenye koo la mtu mmoja ambaye yuko hai, ana jina, ana kijiji. Muulize jina lake, muulize kama anataka litajwe, andika kijiji na mwaka uliorekodi. Mpe na kitu. Kenya wametunga kabisa sheria 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi za jamii, kwa hiyo sio jambo la hisani tu. Mtu wa Freesound asiyemjua bibi yako anaandikwa jina la kujibandika, bibi mwenyewe anaandikwa "asili", hilo linanikera kuliko hata mvua yangu.

Mhariri, nimalizie na maombi matatu, moja kwa wanaoandaa mashindano ya gemu na mafunzo ya vijana, naomba kwenye fomu zenu muweke sharti kwamba gemu isiyo na ukurasa wa majina haipokelewi, na jaji aufungue, aufuatilie hata mistari miwili mitatu kama ni kweli. Ukifanya hivo mara moja mwakani wote watakuja nao. La pili ni kwa walimu wanaofundisha watoto kutengeneza gemu kwa Scratch, programu ya watoto ya kujifunzia, na Godot, somo la kwanza la kudaunlodi picha liende pamoja na somo la kuandika imetoka kwa nani, mtoto akizoea akiwa darasa la sita hutakuja kumkumbusha tena.

La tatu ni kwenu. Gazeti lenu chini ya kila picha linaandika "Picha na" fulani, hata ikiwa picha ya mkutano wa dakika tano. Mkichapa picha ya gemu ya kijana andikeni na hapo mchoro ni wa nani, na mwandishi wenu akienda kumhoji aombe kuona ukurasa wa majina kabla hajaandika kwamba kaifanya peke yake. Kama kweli kaifanya peke yake, andikeni kwa herufi kubwa, na mimi nitainunua siku hiyohiyo.

Wako,
Mrekodi sauti na mtengeneza gemu,
Mbagala, Dar es Salaam